Risasi ya senti 20 ilivyofika senti 70: ulanguzi au uhaba?

Mwaka 2019 boksi la risasi 50 za bastola ya milimita 9 lilipatikana Marekani kwa dola 9 au 10, yaani senti 18 hadi 20 kwa kila risasi. Mwanzoni mwa 2021 boksi lilelile lilikuwa dola 30 na ushei, na kwenye baadhi ya maduka ya mtandaoni lilifika dola 50. Wanunuzi walilalamika kwamba wanalanguliwa. Wauzaji wakajitetea kwamba shaba imepanda bei. Nikipiga hesabu, utetezi wa shaba hausimami, na lalamiko la ulanguzi ni la kweli kwa sehemu tu, tena mara nyingi limeelekezwa kwa mtu asiyehusika.

Tuanze na shaba, maana hiyo inapimika kwenye mizani. Risasi moja ina vitu vinne: ganda, kichwa, baruti na fataki. (Kiswahili kinatutega kidogo hapa: "risasi" ni kitu kizima kinachoingia kwenye bastola, na pia ni yale madini mazito yaliyomo ndani ya kichwa.) Ganda tupu la milimita 9 lina takribani gramu 4, asilimia 70 shaba na 30 zinki. Kichwa cha kawaida cha mazoezi kina gramu 7.5, karibu 6 ni madini ya risasi na kinachobaki ni koti jembamba la shaba. Baruti haifiki hata nusu gramu. Ukijumlisha shaba ya ganda na ya koti unapata gramu 4 hivi.

Machi 2020 tani ya shaba ilishuka hadi karibu dola 4,700. Mei 2021 ilivunja rekodi na kupita dola 10,700. Kwa gramu 4, hiyo ni kutoka senti 1.9 hadi senti 4.3. Shaba iliongeza senti mbili na nusu, na madini ya risasi, ambayo kwa gramu 6 hugharimu kama senti 1.2, hayakuongeza hata senti moja. Weka na mafuta ya malori, weka na mishahara ukipenda. Bado huwezi kupata nyongeza ya senti 40 au 50. Muuzaji akikuambia "ni shaba hiyo, ndugu yangu", mwombe akuonyeshe hesabu.

Basi ni nini? Ni fataki.

Fataki ni kile kikombe kidogo kwenye kitako cha ganda ambacho hugongwa na pini na kuwasha baruti. Ndani yake kuna chembe ya kemikali inayolipuka kwa kugongwa, kusuguliwa au hata kuguswa na cheche ya umeme tuli. Kwa hiyo hutengenezwa ikiwa bado na unyevu, kwa mafungu madogo, kwenye vyumba vilivyotenganishwa, na wafanyakazi waliofundishwa kwa muda mrefu. Mashine ya kutengeneza maganda unaweza kuiagiza na kuifunga. Chumba kipya cha fataki kinataka vibali, kuta maalumu na watu, na hapo unahesabu miaka. Marekani nzima ilikuwa na majina manne makubwa ya fataki: CCI, Federal, Winchester na Remington. Remington ilifilisika Julai 2020, na kitengo chake cha risasi huko Lonoke, Arkansas, kikanunuliwa kwa dola milioni 81.4 na Vista Outdoor, ambayo tayari ilikuwa inamiliki CCI na Federal. Majina manne yakabaki na wenyewe wawili: Vista na Olin, mwenye Winchester.

Mlango huo mwembamba ndio uliokutana na umati. Ukaguzi wa FBI wa wanunuzi wa silaha ulipanda kutoka milioni 28.4 mwaka 2019 hadi milioni 39.7 mwaka 2020. Chama cha wafanyabiashara wa silaha, NSSF, kilikadiria watu milioni 8.4 walinunua bunduki kwa mara ya kwanza mwaka huo. Wape kila mmoja maboksi mawili tu ya kuanzia: ni risasi milioni 840 ambazo hakuna kiwanda kilichozipangia. Wakati huohuo wanunuzi wa zamani, walioonja uhaba wa 2013, walikuwa wanajaza stoo. Anayetumia boksi moja kwa mwezi akiamua kununua manne, soko kwake limekuwa mara nne bila risasi hata moja ya ziada kupigwa.

Fataki zikiwa chache, kiwanda huzipeleka kwenye risasi zinazoondoka haraka, za milimita 9 na za bunduki aina ya AR. Kubadilisha mashine kutoka ukubwa mmoja hadi mwingine kunasimamisha kazi, kwa hiyo hakuna aliyetaka kusimama. Ndiyo maana wawindaji waliokuwa wananunua boksi moja kwa mwaka waliona risasi zao za kuwindia zimetoweka kabisa. Na wale wanaojaza maganda yao wenyewe nyumbani walikuta paketi ya fataki 1,000 iliyokuwa dola 30 inanadiwa kwa zaidi ya dola 100.

Jambo jingine linalosahaulika: Septemba 2019 Walmart, kampuni kubwa ya maduka ya rejareja, ilitangaza kuacha kuuza risasi za bastola na baadhi ya zile za bunduki, baada ya mauaji katika duka lake la El Paso, Texas. Ilikuwa inashika karibu asilimia 20 ya soko la risasi, na yenyewe ilitarajia kushuka hadi asilimia 6 hadi 9. Muuzaji mkubwa anayeogopa kuudhi wateja wa mboga na sabuni hapandishi bei ya risasi ovyo. Alipoondoka, hapakuwa tena na bei ya kulinganishia iliyotulia.

Sasa faida. Kitengo cha Winchester cha kampuni ya Olin kilipata faida ya takribani dola milioni 40 mwaka 2019, na zaidi ya milioni 400 mwaka 2021. Mara kumi. Mauzo yenyewe yaliongezeka kwa zaidi ya mara mbili kidogo, na sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kuanza kuendesha kiwanda cha jeshi cha Lake City, Missouri, Oktoba 2020. Wengi wanaishia hapo na kusema: tumewakamata. Lakini tazama jinsi faida inavyofanya kazi. Tuseme kiwanda kinauza risasi kwa senti 13 na gharama yake ni 12. Kikipandisha hadi 18, gharama nayo ikifika 14, faida imetoka senti moja hadi nne. Bei imepanda kwa chini ya asilimia 40, faida imekuwa mara nne, na bado uko mbali na senti 70 aliyolipa mteja.

Pengo kati ya bei ya kiwanda na bei ya mtaani ndipo ulanguzi ulipokaa. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, wanaijua hali hii: bei rasmi ikiwa chini ya ile ambayo watu wako tayari kulipa, mali huishia chini ya kaunta. Marekani hapakuwa na bei ya serikali, ila bei za mikataba kati ya viwanda na wasambazaji zilifanya kazi kama hiyo. Zilipanda taratibu, mahitaji yalipanda kwa siku. Rafu tupu ni ushahidi kwamba bei ya dukani ilikuwa *chini* mno kwa hali ile. Aliyefika asubuhi akanunua kwa dola 15 aliuza jioni kwa dola 40. Kwa hiyo duka lenye bei ya kuchukiza na mzigo umejaa, na duka lenye bei nzuri na rafu tupu, yote mawili yanakuonyesha uhaba uleule.

Sheria haikusaidia sana. Marekani haina sheria ya shirikisho inayokataza kupandisha bei kupita kiasi; majimbo ndiyo yenye zao, na nyingi huanza kufanya kazi baada ya kutangazwa dharura na kulenga chakula, mafuta, dawa na makazi.

Ukitaka kumpima muuzaji wako, usitazame alinunua kwa bei gani. Tazama atajaza rafu tena kwa bei gani. Aliyenunua boksi kwa dola 9 na sasa anauziwa jumla kwa 17 akiuza kwa 14 atafunga duka. Geuza kila bei kuwa senti kwa risasi, ukijumlisha usafirishaji, kisha linganisha na maduka matano, siyo mawili. Kumbuka pia ushuru wa shirikisho wa asilimia 11 unatozwa juu ya bei ya mtengenezaji, kwa hiyo bei ya kiwanda ikipanda, ushuru nao unapanda. California imeongeza asilimia 11 yake tangu Julai 2024. Muuzaji anayeweka kikomo cha maboksi mawili kwa mtu kwa kawaida hakulangui. Anayekulazimisha kununua bastola ndipo akuuzie risasi, huyo mwangalie vizuri.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kasi ya bei kushuka. Kufikia 2023 risasi za milimita 9 zilikuwa zimerudi senti 25 hivi, lakini zilipanda kwa wiki na kushuka kwa miezi. Fataki zilibaki ghali kuliko zilivyokuwa 2019, na hapo, kwenye bidhaa yenye wenyewe wawili wakubwa, nakubali kuita jambo hilo uroho. Baruti ina kisa kingine: vita vya Ukraine vimevuta nitroselulosi, malighafi yake kuu, kuelekea mizinga, na kila kilo ya baruti inayokwenda huko ingetosha risasi zaidi ya 3,000 za milimita 9.