Je, wajua? Postikadi ya miaka 100 inaweza kukwambia nani aliiandika

Postikadi nyingi za zamani ukizisoma maneno yenyewe hayana kitu, "nimefika salama, nitaandika tena, wako E." basi imeisha. Sasa huyo E. ni nani? Wengi wanakwama hapo, kumbe wameanzia pabaya. E. hakuwa na haja ya kujieleza kwa mtu anayemjua, ila anayeandikiwa lazima atajwe jina lote, nyumba na mtaa, la sivyo posta wangeipeleka wapi? Kwa hiyo anza na mpokeaji, maana huenda E. ni mtu wa nyumba ile ile.

Kwanza upate mwaka. Muhuri wa posta ukisomeka umemaliza, ila kama umefutika au kuna mtu kabandua stempu (wakusanya stempu wametuharibia sana!) cheki mgongo wa kadi. Mwanzoni upande ule ulikuwa wa anwani tu na salamu zinabanwa pembeni ya picha, Uingereza wakaruhusu mstari wa kugawa mgongo, nusu salamu nusu anwani, 1902, Marekani 1907. Stempu ya Uingereza ikiwepo hata mfalme aliyechorwa anasaidia, Edward VII alitawala 1901 hadi 1910.

Ukishapata mwaka na anwani nenda kwenye sensa, na hapa ndo patamu. Ile ya 1911 ya England na Wales fomu zilijazwa na wenye nyumba wenyewe na zimehifadhiwa hivyo hivyo, yaani unaona majina, umri, kazi, kila mtu kazaliwa wapi, na kama aliyeandika kadi ndiye alikuja kuwa mwenye nyumba unaweza kulinganisha mwandiko kabisa. E. humuoni kwenye hiyo nyumba? Rudi sensa ya 1901, labda utamkuta bado binti mdogo pale kwao, kabla hajaenda kufanya kazi za ndani mji mwingine.

Kadi za miaka ya 1930 ndo zinasumbua, sensa ya 1931 ya England na Wales iliteketea kwa moto 1942. Unabaki na rejista ya wakazi ya Septemba 1939 iliyoandikwa Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, na mimi naona hii ni bora kuliko sensa, maana makarani waliendelea kuitumia miaka mingi baadaye, mwanamke akiolewa wanakata jina la ukoo la zamani na kuandika jipya juu yake.