Ritifaa moja, wiki mbili: kazi ya msanidi programu katika kampuni kubwa

Kazi ya kwanza niliyopewa nilipoajiriwa kama msanidi programu katika kampuni ya malipo ilikuwa kuongeza jina la duka kwenye ujumbe ambao mteja hupata akishalipa. Basi. Nilikuwa nimetoka chuoni na mradi wa mwaka wa mwisho nilioujenga peke yangu usiku na mchana, nikaona hii ni kazi ya dakika kumi. Ilikula wiki mbili.

Sasa ninafundisha TEHAMA, na wanafunzi wanapojiandaa kwenda mafunzo kwa vitendo huwasimulia habari hii kabla hatujagusa suala la mishahara na viyoyozi.

Saa tatu na nusu asubuhi tulikuwa na kikao cha timu, kile cha kusimama kisichozidi robo saa: jana ulifanya nini, leo unafanya nini, umekwama wapi. Nikasema nitamaliza kabla ya chai. Hakuna aliyenijibu, na ningekuwa na akili ningeshtuka.

Katika kampuni kubwa msimbo, yaani maandishi ya programu, hautoki mezani kwako ukaenda moja kwa moja kwa wateja. Unauweka kwenye tawi lako, yaani nakala yako ya kufanyia kazi, ndani ya Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 na ambacho siku hizi ndicho daftari la kumbukumbu la wasanidi wengi duniani. Kisha mwenzako anausoma mstari kwa mstari, anaukubali au anaurudisha. Wangu ulirudi na swali moja: "Herufi ngapi?"

Sikuelewa. Dada aliyeuliza, mwenye miaka tisa pale, akanivutia kiti. SMS moja hubeba baiti 140, akasema, zinazotosha herufi 160 za kawaida. Ukizidisha, ujumbe unakatwa vipande, na sisi tunailipa mitandao ya simu kwa kila kipande. Nikahesabu: 148, nafasi zikiwamo. Tuko salama, nikamwambia. Akasema, haya, jaribu kwa duka linaloitwa Ng'ambo.

Majina mengi ya maduka yalikuwa yamenakiliwa kutoka Word, ambayo huipinda ritifaa iliyonyooka, ile alama iliyo katikati ya Ng'ambo. Kwa macho yako na yangu ni kitu kilekile. Kwa SMS sivyo: ritifaa iliyopinda haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi, kwa hiyo ujumbe mzima huhamia kwenye mfumo mwingine wa herufi ambao mwisho wake ni herufi 70 kwa ujumbe, na ukishakatwa kila kipande hubeba 67 tu. Herufi zangu 148 zikawa vipande vitatu. Gharama mara tatu kwa alama ndogo kuliko mchwa, tena katika lugha isiyoweza kuandika ng'ombe bila alama hiyo!

Nikaongeza mstari wa kuinyoosha ritifaa kabla ujumbe haujatoka. Wapimaji wakaurusha kwenye seva ya majaribio, yaani kompyuta ya kuendeshea programu isiyowagusa wateja. Watu wa huduma kwa wateja wakataka kuyaona maneno mapya kabla simu za malalamiko hazijaanza kuwafikia. Tulipokuwa tayari ilikuwa tarehe 26, na pale kwetu hakuna aliyeruhusiwa kugusa mfumo kuanzia tarehe 25 mpaka mishahara ya watu ipite.

Wengi huuita huu urasimu, na mwingine ni urasimu kweli. Nimewahi kungoja siku nne idhini ya mtu aliyekuwa likizo. Lakini yaliyoikuta Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, kila msanidi anapaswa kuyajua. Tarehe 1 Agosti 2012 programu yake mpya ilikuwa kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ilisahauliwa, na ndani yake kulikuwa na msimbo wa zamani uliokuwa umelala miaka. Soko lilipofunguliwa ukaamka, ukaanza kumwaga maagizo ya hisa. Dakika 45 hivi zilitosha kupoteza zaidi ya dola milioni 400. Hakuna mtu wa pili aliyekuwa amepewa kazi ya kuhakiki kwamba seva zote nane zimepata toleo jipya.

Kingine kinachowashangaza vijana ni kusoma. Wahandisi wawili wa Google, Rachel Potvin na Josh Levenberg, waliandika mwaka 2016 kwamba ghala la msimbo la kampuni yao lilikuwa na mistari bilioni 2 hivi. Kampuni zetu hazifiki huko hata kwa mbali, ila hali ni ileile: unakuta nyumba imeshajengwa, mafundi wake wengi wameshaondoka, na wewe umeitwa kuhamisha swichi moja bila kuzima taa za jirani. Zipo siku nilizoandika mistari sita na kusoma elfu mbili. Zipo pia zamu za usiku, simu ikiita saa nane kwa sababu malipo yamekwama, na hapo huombwi uandike kitu kizuri, unaombwa urudishe toleo la jana.

Kwa hiyo mwanao au mdogo wako anayesomea fani hii asijenge mradi mwingine mpya wa duka la mtandaoni. Achukue programu huria ya watu wengine, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, atafute hitilafu ndogo, airekebishe bila kuharibu kingine, kisha aeleze kwa maandishi alichofanya na kwa nini.

Hilo la mwisho nami lilinipita. Mstari wangu bado unafanya kazi, ila sikuandika juu yake sababu ya kuwapo. Mwaka jana kijana mgeni pale kazini alikuta jina langu kwenye Git, akatafuta namba yangu. "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu. Kuna mstari wako hapa unabadilisha ritifaa kuwa ritifaa. Naweza kuufuta?"