Kijitabu cha Kijivu Si Leseni

Alhamisi jioni nilikuwa nafunga ofisi yangu ya karatasi za mpakani hapa Chumbageni, Tanga, simu ikaita. Dereva wa kampuni moja ya wageni. "Kaka, Jumamosi bosi anakwenda Diani, Kenya, na familia yake. Anaendesha mwenyewe. Leseni ya kimataifa anayo, kwa hiyo upande wake hakuna shida. Wewe nishughulikie gari tu."

Maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, nayasikia tangu Chongoleani ianze kutuletea wageni wa bomba la mafuta. Kabla yao niliyasikia kwa watu wa mashamba ya mkonge na wa utafiti kule Amani. Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu kibarazani, na mara moja nimeyajibu msibani. Sasa nayajibu kwa maandishi, na kwa Kiswahili, kwa sababu wageni wenyewe hawanipigii. Mnaonipigia ni nyinyi madereva, na nyinyi dada zangu wa utawala mnaoambiwa "shughulikia karatasi", na mambo yakiharibika mpakani Horohoro lawama zinawaangukia nyinyi.

Hakuna kitu kinachoitwa leseni ya kimataifa. Jina hilo tumelizoea, na ndilo linalotupoteza. Hakuna nchi iitwayo Kimataifa yenye trafiki wake, uwanja wake wa majaribio na daftari lake la madereva. Kilichopo ni kijitabu chenye jalada la kijivu, kilichotokana na mkataba wa usafiri wa barabarani wa Geneva wa 1949 na ule wa Vienna wa 1968. Kazi yake ni tafsiri. Mturuki ana leseni ya Kituruki na askari wa Duga hasomi Kituruki. Kijitabu kinamweleza askari, kwa lugha kadhaa, kwamba leseni ya bwana huyu inamruhusu kuendesha gari la aina fulani. Basi. Mkalimani akija mahakamani peke yake, shahidi kabaki nyumbani, kesi haisikilizwi.

Kwa hiyo kijitabu kinatembea pamoja na leseni yenyewe, zote mkononi, zote hai. Leseni ya kwao ikiisha muda leo, kijitabu nacho kimekufa leo, hata kama jalada linasema bado miezi minane. Kile cha 1949 kinaishi mwaka mmoja, cha 1968 hakizidi miaka mitatu. Ukiletewa kadi ya plastiki inayong'aa, imenunuliwa mtandaoni, imeandikwa miaka 10, mrudishie mwenyewe. Kijitabu cha kweli hutolewa na nchi iliyompa mtu leseni, au na chama cha magari kilichopewa idhini na nchi hiyo. Hakiuzwi na tovuti isiyo na anwani.

Hayo ni mepesi, na wengi wakiambiwa mara moja wanaelewa. Linalonichosha ni jingine.

Nilimwambia yule dereva aje Ijumaa asubuhi na vitu vyote vya bosi wake. Akaja na bahasha. Kijitabu kilikuwamo, kipya, halali, picha imegongwa muhuri pembeni. Leseni ya kwao ilikuwamo, imebakiza miaka minne. Pasipoti nayo ilikuwamo. Kijana alikuwa ametulia kabisa, maana kila nilichotaja alikitoa. Nikafungua pasipoti nikakuta kibali cha ukaazi cha Tanzania, daraja B, mwaka wa pili unaelekea mwisho. Nikafungua kijitabu, upande wa ndani wa jalada, mahali ambapo hakuna anayesoma, nikaweka kidole chini ya maandishi madogo. Yanasema kwamba kijitabu hiki hakimwondolei mwenye nacho wajibu wa kufuata sheria za ukaazi na za kazi za nchi anamopita, na kwamba kinakoma kutumika katika nchi ambayo ameifanya makazi yake ya kawaida.

Akasoma. Akarudia. "Sasa kaka, si wenyewe wameandika hivi?"

Ndiyo, wenyewe. Si trafiki wa Tanga anayemwonea mgeni. Ni kijitabu chake mwenyewe kinachosema hakimfai tena hapa.

Kijitabu kilitengenezewa mpita njia. Mtu anashuka ndege Kilimanjaro, anakodi gari wiki tatu, anarudi kwao. Mtu mwenye nyumba Raskazone, watoto shuleni, namba ya mlipakodi (TIN), kibali cha ukaazi na fundi wake wa magari Ngamiani si mpita njia. Ni mkaazi, na mkaazi anaendesha kwa leseni ya nchi anayokaa. Na hapa ndipo watu wanaponikatalia: "Mbona amepita Horohoro mara tano na hicho hicho?" Amepita, ndiyo. Hakuulizwa. Kutoulizwa si kuruhusiwa. Siku atakapomgonga mwendesha bodaboda pale Amboni, atakayemwuliza atakuwa mtu wa bima, na huyo hulipwa mshahara kwa kusoma maandishi madogo.

Tena kuna jambo ambalo nikilieleza watu hudhani natania. Bosi huyu, kwa karatasi zile zile, shida yake iko huku na si kule. Kwa Kenya yeye ni mgeni wa siku tatu, ndiye hasa mtu aliyekusudiwa na kijitabu. Matatizo yake yote yako kwenye kilomita 65 za kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, nyumbani anakoishi. Wakati akiwa na leseni ya Tanzania, hiyo moja inamtosha pande zote mbili, kwa kuwa leseni zetu na za Wakenya zinaheshimiana. Miaka miwili amebeba kijitabu kinachomsaidia kule anakokwenda mara nne kwa mwaka, akakosa leseni ya kumsaidia huku anakoendesha kila siku.

Leseni ya Tanzania si ya kuogopwa. Polisi wa usalama barabarani wanathibitisha umahiri wake, TRA wanatoa kadi. Aende na TIN, pasipoti yenye kibali, leseni ya kwao iliyo hai, na tafsiri kama haiko kwa Kiingereza. Gari la kawaida ni daraja D. Asisubiri leseni ya kwao iishe ndiyo aanze kukimbizana, maana hapo mnaanza na mtu asiye na leseni yoyote.

Sasa niseme ukweli kuhusu ninapoyumba. Mtu anakuwa mkaazi siku gani? Anaposhuka ndege, kibali kinapotoka, au anapopanga nyumba? Mimi nahesabu tangu siku kibali cha ukaazi kinapotoka, na ndivyo ninavyowaambia wateja, lakini nimeona askari wawili wa zamu moja wakilisoma jambo hili kwa namna mbili. Na Waganda na Wakenya wanaofanya kazi hapa? Leseni zao zinatambulika kwetu, wengi wameendesha miaka na hawajasumbuliwa. Nawashauri nao wabadilishe wakishakuwa wakaazi. Kuna siku nawaza kwamba nimewapotezea asubuhi nzima kwa jambo ambalo lisingewafika. Bado nawashauri hivyo, kwa sababu gharama ya kubadilisha naijua na gharama ya ajali bila bima siwezi kuikadiria.

Tuje kwenye gari, maana kuna wanaodhani mtu akiwa sawa na gari limekuwa sawa. Leseni ni ya mtu. Kadi ya gari ni ya gari. Kibali cha forodha ni cha gari hilo, kwa namba yake ya chesisi, kwa mtu aliyeliingiza, kwa siku zilizoandikwa. Vitu vitatu, na kimoja hakimfunikii mwenzake.

Gari la Tanzania likivuka kwenda Kenya linaingia kule kwa muda, na la Kenya au Uganda likija huku vivyo hivyo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, gari hilo halijalipiwa ushuru. Limeachiliwa kwa ahadi kwamba litatoka. Mgeni mmoja alikuja kutoka Kampala na gari lenye namba za Uganda, akaitwa kwao ghafla, akaliegesha nyumbani kwa rafiki yake na kupanda ndege Dar es Salaam. Mtu ametoka, gari limebaki. Kibali kikaisha likiwa chini ya mwembe, na kuanzia siku hiyo lilikuwa bidhaa isiyolipiwa ushuru ndani ya Tanzania, ya kukamatwa. Rafiki yake aliponijia alikuwa na ufunguo tu. Tulihangaika na gari lile kuliko nilivyowahi kuhangaika na kontena. Ukiondoka na gari halijaondoka, njoo ofisini kabla, si baada.

Wenye kaneti, kile kitabu cha dhamana ya forodha cha wale wanaotoka mbali na magari yao ya safari ndefu, kila ukurasa wake una vipande vitatu: cha kuingilia, cha kutokea, na kisiki kinachobaki kitabuni. Kuingia kila mtu anakumbuka, kwa kuwa hawezi kupita bila kugongewa. Kutoka ndiko wanakosahau. Na kusahau kwenyewe kumekuwa kwepesi zaidi tangu Horohoro na Lunga Lunga ziwe kituo cha pamoja.

Hapa naomba msome polepole. Kituo cha pamoja maana yake ni kwamba taratibu za nchi mbili unazifanya kwenye jengo la nchi unayoingia. Unakwenda Kenya, unapita Horohoro bila kusimama, unafanya ya Tanzania na ya Kenya kule Lunga Lunga. Ukirudi, yote mawili unayafanya Horohoro. Jengo ni moja, lakini madirisha hayajapungua. Kuna uhamiaji wa unakotoka, uhamiaji wa unakoingia, forodha ya unakotoka, forodha ya unakoingia. Mtu anagongewa pasipoti mara mbili, anaona mihuri miwili, anasema nimemaliza, anawasha gari. Forodha ya nchi aliyotoka haijafunga kibali chake. Kwenye kompyuta zao gari bado liko kwao, na safari ijayo anakutana na deni la gari ambalo amelikalia. Karibu nusu ya kazi zangu za kusafisha mambo zinatokana na dirisha hilo moja. Hesabuni madirisha kwa vidole kabla ya kuwasha gari.

Barua ya mwenye gari. Gari likiwa la kampuni, kadi imeandikwa jina la kampuni, anayeendesha awe na barua inayomtaja yeye, gari, nchi na tarehe. Je, lazima ipigwe muhuri wa wakili? Wengine dirishani wanataka, wengine hawaangalii. Nahisi ni desturi zaidi kuliko sheria. Mimi napiga, nisije nikarudishwa kilomita 65 kwa muhuri.

Bima kwa haraka. Bima kubwa yako ya hapa ina mipaka yake ya kijiografia, kaisome. Ukivuka unahitaji kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika; kadi hiyo inamlipa uliyemgonga, si gari lako. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi hii imebaki, kwa hiyo anayekwambia haitufai anakupotosha. Na kadi ya njano ninayoitaka ni ya gari. Si mara moja nimeomba kadi ya njano nikaletewa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nacho kibebeni, lakini hakilipi aliyegongwa. Msisahau pia pembetatu mbili, kizimamoto, na herufi EAT nyuma ya gari, alama ya kwamba ni la Tanzania.

Basi Ijumaa ile tulikubaliana hivi. Bosi asiendeshe upande wa huku. Dereva ashike usukani, leseni yake daraja lake liko sawa, barua ya kampuni iandikwe kwa majina ya wote wawili ili kibali cha Kenya kisimfunge mmoja, na Jumatatu ijayo bosi aende kuanza leseni ya Tanzania. Nikapiga simu ofisini kwao mbele yake, dada wa utawala akaandika barua ndani ya nusu saa. Kadi ya njano tukakata saa tano.

Kisha nikamwuliza kijana, "Na wewe pasipoti yako iko wapi?"

Akaangalia bahasha. Karatasi zote zilizokuwamo zilikuwa za bosi. Ya kwake ilikuwa imeisha tangu mwaka juzi, hakuna aliyemwuliza na yeye mwenyewe hakukumbuka, maana wiki nzima alikuwa akishughulikia ya mwenzake. Saa sita kasoro tulikuwa tumesimama dirishani Uhamiaji kuomba hati ya dharura ya kusafiria, yeye na picha mbili mkononi bado mbichi kutoka studio, mimi na mwavuli.