PSP isiyo na diski si lazima iwe bora

Wanunuzi wengi wa vifaa vilivyotumika, hapa Darajani, huamini kwamba PSP Go, aina isiyotumia diski ya PSP, kifaa cha Sony cha kuchezea michezo mkononi, kwa kuwa ilitoka mwaka 2009, takriban miaka mitano baada ya PSP ya kwanza, ndiyo bora na inacheza kila kitu. Sivyo. Kilichoondolewa humo ni kisomeo cha diski ndogo za UMD, zenye ujazo wa hadi GB 1.8, na mahali pake ikawekwa hifadhi ya ndani ya GB 16. Diski ulizonazo haziingii kabisa, baadhi ya michezo haikuwahi kuuzwa kwa njia ya kupakua, na ile iliyopakuliwa hufungwa kwenye akaunti ya aliyeinunua, hivyo huwezi kuiuza wala kumwazima jirani. Tena kununua kupitia PSP yenyewe kulikoma kabisa kufikia Julai 2021. Kwa maoni yangu, anayenunua leo achukue ya diski, ingawa mota na lenzi yake huchakaa. Kabla ya kulipa, atie diski, asikilize inavyozunguka, na asubiri mchezo wenyewe ufunguke, asitosheke na kuiona menyu.