Taa ya kobe njiani Sikonge, na namba za ubavuni mwa tairi

Mwezi wa tisa uliopita mwalimu mmoja mstaafu aliniletea Nissan Leaf yake, gari la umeme, hapa Isevya, Tabora, uso umekunjamana. Kabla sijamaliza shikamoo akanikatiza: "Fundi, betri imekufa. Nitafutie mtu wa kulinunua hili gari."

Ushahidi alikuwa nao. Gari hilo huenda nalo Sikonge kwa mdogo wake, kilomita sabini na kidogo. Akifika analichomeka kwenye soketi ya nyumbani, anakula, analala, kesho yake anarudi Tabora. Siku zote alikuwa anafika na vibaa viwili vya chaji. Safari hii taa ya kobe ilimwakia kabla hajaingia mjini. Kwa asiyeijua Leaf: chaji ikikaribia kwisha huwaka picha ya kobe kwenye dashibodi, na gari lenyewe linageuka kobe.

Mimi betri siijui sana, kazi yangu matairi. Kwa hiyo niliinama nikaangalia ninachokijua. Nikakuta matairi mapya manne yenye kashata nene, yaani ile michoro ya mpira inayogusa barabara, utadhani gari linakwenda kubeba tumbaku porini. "Haya umefunga lini, mwalimu?" Mwezi uliopita. Aliambiwa barabara zetu zinataka tairi la kazi. Nikachukua geji nikapima upepo kwa psi: 26, 26, 25, 27.

Nikamwomba akae kwenye benchi chini ya mwembe, maana maelezo yangekuwa marefu.

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva wa gari lake kuna kibandiko, na saizi iliyoandikwa pale ni 205/55R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. R ni radiali, yaani namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na kwa magari madogo siku hizi karibu yote ni hivyo. Wengi wanakwama kwenye ile 55. Hiyo si milimita wala inchi, ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana. Ukizidisha 205 kwa 0.55 unapata milimita 113 hivi. Ubavu upo juu na chini, kwa hiyo zidisha kwa mbili, ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406, na tairi zima linasimama kama milimita 632.

Seti aliyouziwa mwalimu ilikuwa 205/60R16. Kwa macho ni lilelile, na rimu inaingia bila ubishi, ndiyo maana aliyemfungia hakujiuliza. Lakini fanya hesabu: milimita 652. Gari limenyanyuka sentimita moja, jambo ambalo mwalimu alilifurahia kwa sababu ya mawe. Ila tairi kubwa linazunguka mara chache kwa njia ileile, na gari linahesabu mizunguko. Spidi ikionyesha 80, kweli unakimbia karibu 83. Ile Sikonge ya kilomita sabini inasomeka sitini na nane. Na usukani ukikatwa hadi mwisho tairi linakwaruza plastiki ya ndani ya madigadi. Hilo nalo alikuwa amelisikia, akadhani ni shokapu.

Hayo yote ni madogo. Kubwa ni namba ambayo wateja wangu karibu hawaisomi kabisa, ile inayofuata baada ya saizi: 91V, 94V, 88H. Herufi ni ya mwendo. H ni hadi kilomita 210 kwa saa, V ni 240, na kwa dereva wa Tabora inatosha kuhakikisha haiko chini ya ile ya kibandikoni. Namba ndiyo ya mzigo, na si kilo moja kwa moja, ni fungu kwenye jedwali. 88 ni kilo 560 kwa tairi moja, 91 ni kilo 615, 94 ni kilo 670, 98 ni kilo 750.

Kwenye gari la petroli dogo tumezoea kutoijali. Toyota IST ina uzito wa tani moja hivi, na tairi lolote la saizi yake linabeba na kubakiza. Leaf ya mwanzo, tupu, inakaribia tani moja na nusu, na betri peke yake ni karibu kilo 300. Magari ya umeme makubwa zaidi ya hapo yanataka namba kubwa zaidi kwa saizi ambayo ukiitazama haraka ni ya kawaida tu. Ndiyo maana mteja wa gari la umeme akinipigia simu na kuniambia saizi pekee, namrudisha kwenye kibandiko akanisomee na hiyo namba ya mzigo.

Sasa, kilo 615 zinabebwa na nini? Mpira wa tairi, peke yake, haubebi kitu cha maana. Toa upepo uone gari linavyokaa chini. Anayebeba ni upepo, tairi ni mfuko wake. Zile kilo 615 za namba 91 zimeandikwa kwa sharti kwamba ndani kuna kilopaskali 250, yaani 36 kwenye geji zetu. Shusha hadi 26, na kwa hesabu za watengenezaji tairi lilelile linabaki na uwezo wa karibu kilo 470. Panga mwalimu, mke wake, wajukuu wawili na magunia ya karanga ndani ya Leaf, halafu gawanya kwa nne. Umeshafika ukingoni, na lami ya saa nane mchana mwezi wa kumi haina huruma.

Hapa nakiri kosa la sisi mafundi. Kijana wa kompresa amezoea 30 kwa kila gari dogo, hata kibandiko hakitazami. Wengine wanapunguza zaidi "ili gari lisirukeruke". Na mteja akija upepo umepanda kwa sababu ametoka safari, kijana anautoa. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya safari. Ukilipunguza likiwa la moto, kesho asubuhi utalikuta limelegea.

Kuna mtego mwingine kwa wanaotaka kujihami. Unasikia magari ya umeme yanataka matairi yaliyoimarishwa, yale yenye alama XL ubavuni, basi unanunua 205/55R16 94 XL, na kwenye karatasi umepanda kutoka 615 hadi 670. Ni kweli, lakini 670 hiyo inapatikana ukijaza kilopaskali 290, yaani 42. Ukilijaza 36 linabeba karibu 595, chini kidogo ya lile la kawaida. Umelipa zaidi ukapata pungufu. XL ni ruhusa ya kujaza zaidi, na usipoitumia haikusaidii. Kama gari lako kibandiko kinadai XL, funga XL na jaza upepo uliotajwa pale. Kama hakidai, tairi la kawaida lenye upepo sahihi lina heshima yake.

Mwalimu akauliza swali la kimwalimu: mbona IST ya jirani yake inatembea na upepo wowote na haizimiki? Jibu ni kwamba inaibiwa pia, ila haioni. Tairi linapoviringika linabonyea na kurudi, kila mbonyeo unageuka joto, na kashata nene zikibonyea zinatoa joto zaidi. Shika tairi baada ya safari uone. Injini ya petroli yenyewe inapoteza sehemu kubwa ya mafuta kama joto, kwa hiyo wizi wa tairi unajificha humo. Mota ya umeme haipotezi hivyo, kinachotoka kwenye betri karibu chote kinafika magurudumuni, na mwizi anaonekana waziwazi. Halafu tanki lenyewe ni dogo. Betri ya Leaf ya kilowati-saa 24, ikiwa mpya kabisa, ina nishati sawa na petroli isiyofika lita tatu. Nani angeenda Sikonge na lita tatu halafu akubali kuibiwa moja njiani?

Kwa hiyo kwa anayetembea lami na vumbi la mitaani, nachagua kashata za kawaida zisizo na mabonge. Ukipata tairi jipya lenye lebo ya Ulaya, soma herufi ya matumizi ya nishati, A ndiyo bora na E ya mwisho, na herufi ya breki kwenye maji iliyo jirani yake. Hiyo ya pili usiipuuze masika. Tairi jepesi la kuviringika lakini linaloteleza kwenye mvua ya mwezi wa pili silifungi kwa mtu ninayemheshimu.

Matairi ya mtumba kutoka nje ni ugomvi wangu wa kila siku, nitasema kifupi. Tafuta namba nne mwishoni mwa mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira umeshakauka kama ngozi ya ngoma. Leaf za mwanzo zinasukuma nyutoni-mita 280 tangu mguu unapogusa, karibu mara mbili ya injini ya IST ya cc 1500, na zote zinapita matairi ya mbele. Mpira mkavu hauvumilii hilo. Hata yale mapya, ya mbele huisha haraka, kwa hiyo kila kilomita elfu kumi hivi yabadilishane na ya nyuma.

Na jeki, jamani. Chini ya sakafu ya Leaf kuna betri. Jeki ya matairi inayosukumwa popote panapofika ikiibonyeza kasha la betri, umegeuza pancha ya kawaida kuwa msiba. Pointi za jeki zipo pembeni, nyuma ya gurudumu la mbele na mbele ya lile la nyuma. Mwenye gari asimame pale aonyeshe, asione haya.

Mwalimu nilimfungia 205/55R16 91V, nikajaza 36. Yale ya 60 yalichukuliwa siku tatu baadaye na mwenye Toyota Noah iliyotoka na saizi hiyo hiyo kiwandani, akaondoka amefurahi. Ijumaa mwalimu akaenda Sikonge, akanipigia simu: kobe hakuonekana, kafika na kibaa kimoja. Kile cha pili hakikurudi, na hicho namwachia umri wa betri.

Tumebaki na ubishi mmoja. Leaf yake ilikuja bila spea, ina chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo tu, na ubavu ukichanwa na jiwe dawa hiyo haizibi kitu. Nimemtafutia rimu ya chuma ya inchi 16 yenye matundu matano na tairi la saizi yake, niibane kwenye buti. Anasema buti hiyo ni ya karanga.