Umaskini na ujifunzaji wa mtoto: yanayoaminika na yaliyo kweli

"Mtoto wa maskini ni mzito wa kuelewa"

Mtoto anayesinzia darasani, anayesahau leo alichofundishwa jana na anayekariri darasa huitwa mjinga, na umaskini wa wazazi wake huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba ujinga huo ni wa kurithi. Ukweli ni kwamba ubongo hukua kwa kasi kubwa katika siku 1,000 za kwanza, yaani tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na katika kipindi hicho huhitaji protini, madini ya chuma na madini joto, ambavyo kaya yenye kipato kidogo huvikosa hata pale ambapo haikosi shibe. Mtoto anaweza kushiba kila siku na bado akawa na upungufu wa damu unaomchosha na kumpunguzia umakini. Kwa makadirio ya UNICEF, Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia, mwaka 2022 watoto wapatao milioni 148 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, sawa na zaidi ya mmoja katika kila watano. Udumavu hupimwa kwa urefu, lakini hasara yake haiishii kwenye kimo: kwa wastani watoto waliodumaa huchelewa kuanza shule, hukariri madarasa na huacha masomo mapema. Mwalimu anayempokea mtoto wa miaka sita huwa anaona matokeo ya mambo yaliyotokea kabla mtoto huyo hajaweza kutamka jina lake.

"Basi aliyekosa utotoni hawezi kusaidiwa tena"

Dhana hii huzaliwa na ukweli uliotangulia ukishikwa nusu, na kwa maoni yangu ina madhara kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa husemwa na watu waliosoma. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, Jamaika, watafiti waliwachagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24, wakawagawa katika makundi. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya ya jamii mara moja kwa wiki, kwa saa moja hivi, kwa muda wa miaka miwili. Mhudumu alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake, akitumia vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Miaka 20 baadaye, watoto hao, ambao sasa walikuwa watu wazima, walikuwa na kipato kilichozidi kwa takriban asilimia 25 kile cha wenzao ambao hawakutembelewa, na walikuwa wamewafikia vijana ambao hawakuwahi kudumaa.

Jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka ni kwamba kundi jingine katika utafiti huo lilipewa lishe ya ziada peke yake. Watoto wake walipata nafuu mwanzoni, lakini nafuu hiyo haikudumu hadi utu uzima. Chakula ni cha lazima, ila mtoto huhitaji pia mtu wa kumsemesha na kumjibu. Ni kweli kwamba utafiti wa watoto 129 haupaswi kutwishwa dunia nzima, lakini unatosha kuonyesha kwamba waliokwisha kudumaa bado wana pa kuanzia.

"Wazazi maskini hawathamini elimu, na wakipewa fedha watazinywea"

Watafiti wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti kutoka Amerika ya Kusini, Afrika na Asia kuhusu kaya zinazopewa ruzuku ya fedha, wakakuta kwamba kwa jumla matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Nchini Meksiko, mpango wa Progresa ulioanza mwaka 1997 uliwalipa akina mama kwa sharti la watoto kuhudhuria shule na kliniki, na idadi ya walioandikishwa sekondari ilipanda, hasa wasichana. Mzazi anayemtoa mtoto shuleni mara nyingi amepiga hesabu: kazi ya mtoto huyo inaleta kitu leo, shule italeta baada ya miaka kumi. Dhana hii hupendwa na wapanga bajeti, kwa sababu huhamishia lawama kwa mzazi na kuuacha mfuko wa serikali salama.

"Ada ikifutwa, kikwazo kimeondoka"

Ada ni gharama moja tu. Sare, madaftari na nauli hubaki palepale. Isitoshe, kuhudhuria si kujifunza. Hata kabla ya janga la UVIKO-19, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa miaka kumi katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawakuweza kusoma na kuelewa habari fupi na rahisi.

"Shida humkomaza mtoto"

Wanaosema hivi huwa na mifano tayari ya watu mashuhuri waliosoma kwa kibatari. Tatizo la mifano hiyo ni kwamba walioshindwa hawaalikwi kusimulia. Shida fupi, mtoto akiwa na mtu mzima wa kumtuliza, inaweza kweli kumfundisha ustahimilivu. Msongo wa miaka mingi usio na mtuliza huathiri usingizi, kumbukumbu na uwezo wa kujizuia. Takwimu za PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, zinaeleza zaidi: katika nchi za OECD, jumuiya ya kiuchumi ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, mwaka 2018, kati ya wanafunzi waliotoka katika robo ya kaya duni zaidi, takriban asilimia 11 ndio waliofika katika robo ya juu ya ufaulu wa kusoma nchini mwao. Kama hali ya nyumbani isingekuwa na uzito wowote, wangekuwa asilimia 25.