Hiyo (I) kwenye oksaidi ya shaba haihesabu shaba

Jana jioni tena, hapa kwenye tuisheni yetu Likoni, mtoto wa kidato cha pili kaniandikia oksaidi ya shaba(I) ni CuO, namuuliza mbona, ananiambia si imeandikwa moja ticha, basi shaba ni moja. Haya maneno nimeyasikia mpaka nimechoka, na kinachoniuma ni kwamba huyu mtoto halali darasani, anasikiliza, ila kuna mtu alimwambia namba ya Kirumi inahesabu atomu.

Haihesabu atomu jamani! Inakwambia chaji ya ayoni moja, yaani atomu iliyobeba chaji, ya hiyo metali, basi. Shaba(I) ina +1, oksijeni inakuja na -2, sasa ili chaji zimalizane lazima shaba ziwe mbili kwa oksijeni moja, ndio inakuwa Cu2O. Yaani jina lasema moja, fomula ina shaba mbili, na zote ziko sawa. Ile CuO ni ya shaba(II), unga mweusi, na Cu2O ni nyekundu, kwa hivyo ukikosea namba umetaja kitu kingine kabisa. Angalia kutu inayokula mageti na mabati yetu huku pwani, ile ni oksaidi ya chuma(III) iliyoshikana na maji, na oksaidi yenyewe ni Fe2O3, chuma ni mbili, hiyo tatu imeangukia oksijeni kwa hesabu ya chaji tu.

Sodiamu na magnesiamu haziandikiwi namba kwa sababu chaji yao haibadiliki. Chokaa iliyozimwa ni Ca(OH)2, mabano usiyaache, CaOH2 imepoteza oksijeni moja, maana ile mbili imebaki ya hidrojeni peke yake.

Halafu Kiswahili chetu nacho kinawapotosha, twasema kloraidi ya sodiamu, kloraidi iko mbele, mtoto anaandika ClNa. Kwenye fomula metali hutangulia, NaCl, hata kama mdomo umeanza na kloraidi.

Na ile njia ya kupishanisha namba, ya huyu chukua yangu nami nichukue yako, yaani namba ya chaji ya mmoja inakuwa namba ndogo ya chini ya mwenzake, naifundisha kwa sababu ni ya haraka lakini moyo wangu haujatulia nayo. Inakupa Mg2O2, unawaambia punguzeni iwe MgO, sawa, kesho wanapunguza kila kitu, peroksaidi ya sodiamu Na2O2 wanaifanya NaO, na kloraidi ya zebaki(I) wanaandika HgCl wakati ni Hg2Cl2, maana zebaki hiyo hutembea mbili mbili zimeshikana, kila moja ikihesabiwa +1.

Siku hizi nawaambia waandike chaji juu ya kila ayoni kabla hawajagusa namba ya chini. Yule wa jana akafanya hivyo akaipata Cu2O, kisha akaniuliza, sasa Fe3O4 ni chuma ya ngapi ticha? Nikamwambia mle mna chuma(II) moja na chuma(III) mbili, hebu jumlisha chaji uone. Akapata nane, na oksijeni nne ni nane.